Miguu ya Nyuma ya Asumini

Jumamosi, 1 Februari

Mvua ya siku mbili imekwisha, lakini banda la Asumini hapa Ansab, Omani, limekuwa tope tupu. Leo Loay, fundi wa kwato, aliinua mguu wa farasi wetu, akanusa, kisha akaniita ninuse na mimi. Lo! Kama jibini lililosahauliwa juani! Ile sehemu laini chini ya ukwato imeanza kuoza. Sikujua kwamba farasi mweupe na mzuri hivi anaweza kunuka.

Loay alisema tatizo la miezi ya baridi kwetu ni maji, si baridi. Kwato zichokolewe kila siku, zikaushwe kwa kitambaa, na maranda ya mbao anayolalia yawe makavu. Basi.

Farasi ni wa Ami Suud. Jumamosi ijayo kuna maonyesho ya wasichana wapanda farasi. Mwaka jana alipanda Manal, binamu yangu, mimi nikamshikia viatu mpaka mwisho. Mwaka huu nataka kupanda mimi. Sijamwambia mtu, ila Ami ameona. Ametugawia farasi: Manal miguu ya mbele, mimi ya nyuma. Loay atakagua Ijumaa. Mwenye kwato bora ndiye atakayepanda.

Upande wa mkia! Manal alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya skuli nimesoma mtandaoni jinsi wenzetu wa nchi za baridi wanavyotunza kwato. Wanazipaka mafuta kwa chini ili theluji isigande. Ansab haina theluji. Lakini watu wanaofuga farasi kwenye theluji lazima wanajua mengi kuliko Manal.

Nimepaka samli ya Bibi Masouda. Karibu kopo zima. Nimemwachia kidogo chini, kwa adabu.

Jumatatu, 3 Februari

Msiba! Maranda yote yameganda kwenye samli. Miguu ya nyuma imekuwa kama visheti vilivyotoka kwenye sukari. Paka watatu wa mtaani wamejipanga nyuma ya Asumini wakisubiri ainue mguu. Ami Suud aliniuliza kama ninamtunza farasi wake au ninamkaanga.

Nimesugua kwa sabuni na mpira wa maji nusu saa nzima. Sasa kwato zimelowa kuliko Jumamosi.

Manal alichokoa, akafuta kwa kitambaa, akaenda zake. Dakika tano! Sijapata kuona uvivu wa namna ile.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata wazo darasani, katikati ya somo la sayansi. Nguo zikibaki na unyevu, Bibi huzitandaza juu ya chetezo, akazifukiza udi. Zinakauka na zinanukia. Ukwato una unyevu na unanuka. Kwa nini hakuna aliyefikiri hivi tangu dunia iumbwe?

Alasiri nimejua kwa nini.

Asumini alivumilia moshi kidogo, akageuza shingo, akanitazama kwa mshangao, akapiga teke. Chetezo cha Bibi kiligonga ukuta. Vipande vinane! Makaa yakaangukia maranda. Moshi! Nikapiga ukelele. Nakabugo, dada wa Kiganda anayetusaidia nyumbani, alikuja mbio na ndoo mbili, akamwaga zote. Moto ulizimika kabla haujawa moto. Banda limekuwa ziwa. Hata miguu ya Manal imo ndani ya maji!

Nakabugo alikaa juu ya ndoo akihema. "Khalas, yatosha, Rawya! Mimi nilikuja Omani kupika. Sikuja kuzima farasi."

Jumatano, 5 Februari

Bibi ameniita chumbani kwake. Hakugomba kuhusu chetezo. Samli hakuitaja, ingawa kopo lilikuwa mbele yake, na kile kidogo cha chini. "Chetezo nnakusamehe, mjukuu wangu. Lakini udi wangu wa Idi, kweli wa kufukiziwa farasi? Tena nyuma?"

Nikasema harufu imepungua. Bibi akafumba macho.

Nimetoa maranda yote mabichi kwa koleo, peke yangu, na kutia mapya. Nakabugo alinionyesha namna ya kukausha ukwato kwa kitambaa, taratibu, mpaka kwenye mifereji ya pembeni. Kwao walifanya hivyo kwa ng'ombe. Asumini alinilazia kichwa begani muda wote. Ilikuwa kazi nzuri, lakini haina ujanja wowote ndani yake.

Jioni Bibi alisimulia kuwa zamani babu yake akizipaka hina kwato za farasi wake, zikakaza kama jiwe. Hina! Nakabugo anasema Bibi aliongeza maneno kuhusu kiasi, na kuhusu kukausha kwanza, lakini mimi nilikuwa nimeshavaa viatu.

Alhamisi, 6 Februari

Baba amenipitisha dukani Ghubra. Nilimwambia nataka hina ya miguu. Sikudanganya.

Nimekanda bakuli kubwa, nimepaka, nimefunga mifuko ya plastiki, na juu yake leso mbili. Asumini amesimama kama bibi harusi. Manal alipoona aliuliza kama bwana harusi ni punda wa jirani. Wivu!

Ijumaa, 7 Februari

Siamini. Siamini kabisa.

Baada ya sala ya Ijumaa tulikusanyika bandani. Leso zikafunguliwa. Mifuko ilikuwa imepasuka, na Asumini alikuwa ameshapunga mkia humo humo. Miguu ya nyuma ni ya rangi ya chungwa mpaka juu ya magoti! Mkia chungwa! Kwa mbele farasi mweupe wa Ami Suud, kwa nyuma mnyama mwingine kabisa!

Loay alikagua miguu ya Manal: mikavu, safi. Akainua wa kwangu. Jibini! Unyevu wote ulikuwa umefungiwa ndani ya plastiki.

Manal atapanda. Alishangilia, kisha akautazama mkia utakaomfuata uwanjani, akaanza kulia. Tulilia sote wawili, kwa sababu tofauti.

Jumamosi, 8 Februari

Loay amesema kutembea polepole hakutamdhuru, basi tumekwenda. Nimeshika viatu vya Manal. Vilevile vya mwaka jana.

Asumini alipopita uwanja mzima ulimgeukia. Kisha mama mmoja mwenye miwani mikubwa akauliza kwa sauti ni nani aliyemtia farasi hina vizuri vile. Nilisimama. Ami Suud alinivuta abaya nikakaa.

Njiani kurudi Ami aliniambia kwamba aliniona Jumatano na kile kitambaa. Nilishangaa mpaka nikaangusha kiatu kimoja. Kuanzia kesho kwato zote nne ni zangu, mpaka baridi iishe. Zikipona, nitampanda mimi, mbele ya watu. Kwa sharti. Ameandika karatasi, nami nimetia sahihi: nisitumie samli, nisitumie udi, nisitumie hina, nisitumie plastiki.

Nimeisoma karatasi mara tatu. Ami ni mtu makini sana.

Asali hakuiandika.