Gari la Baba Mkwe Linakula Wapi?

Iyunga, Mbeya
17 Machi 1975

Mpendwa Baba Mkwe, Mzee Ndalahwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima hapo Chimala, wewe na mifugo. Kwa kuwa si adabu mkwe kubishana na mkwe uso kwa uso, naomba tubishane kwa maandishi.

Katika shajara yangu, tarehe 9 Machi, imeandikwa hivi: nilikuja kumchukua mke wangu, Ng'washi, Land Rover yako ikagoma kuwaka, nikashauri betri iletwe mjini, ichomekwe kwenye umeme. Ukasema mbele ya mashemeji, "Mkwe wangu, gari si pasi. Linajichaji lenyewe likitembea." Watu wakacheka. Ng'washi alicheka kuliko wote, kisha akasema atanifuata siku nitakapopata akili. Hadi leo najipikia. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Wewe ni mfugaji. Umewahi kuona maksai akishiba kwa kulima? Jioni si unamfungua ukampeleka malishoni? Basi gari litashibaje likiwa kazini?

2. Nilisoma hadi kidato cha nne huko kwetu Iringa, na fizikia nilifaulu. Kama mwendo unajaza betri, mimi ninayekwenda kazini kwa miguu ningerudi nimeshiba. Narudi na njaa, na jikoni hakuna mtu.

3. Ukiruhusu gari lijilishe, kesho trekta litataka kujilimia shamba lake, na redio itajitangazia habari zake yenyewe. Hapo Serikali itamtawala nani?

4. Kwa hiyo naomba Land Rover ihamie kwangu, ambako umeme upo, iwe inalala imechomekwa. Lakini mchana mimi niko kazini, na mali kama hiyo haiachwi peke yake. Anahitajika mlinzi mwaminifu, anayeifahamu tangu siku ilipoingia nyumbani kwenu. Nimefikiri sana, sioni mwingine ila Ng'washi. Aje na mizigo yake yote, kwa maana ulinzi huu ni wa muda mrefu.

Nisalimie Mama Mkwe, mashemeji wote pamoja na waliocheka, na ng'ombe, ambao hawakucheka.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Kasian Kalinga

Nyongeza: Haya nayaandikia hapa hapa Chimala, nje ya boma lako. Nimeletwa na jirani yangu, Gideoni. Asubuhi betri ya gari lake ilikuwa imekufa, tukalisukuma kwenye mteremko mpaka likawaka. Nikamwambia tutafute umeme kwanza, yeye akaendesha tu. Tulipofika alilizima, akaliwasha kwa ufunguo. Akalizima tena, akaliwasha tena, huku ananitazama. Tafadhali, Baba, anza kusoma kwenye namba ya nne. Na hata humo, Land Rover ibaki kwako. Naomba mlinzi tu.