Malalamiko Kuhusu Somo Lililomrudisha Mume Wangu kwa Mke Mkubwa

Mjimwema, Songea

Ndugu Mkuu wa Idara ya Historia na Utamaduni,

Na huyo mke mwenzangu ana miaka themanini na kitu. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika salio lilipoisha na simu ikakatika, nami nikabaki na wasiwasi kwamba umenielewa vibaya. Mume wangu Leonce hana wake wawili. Tulifunga ndoa kanisani wiki moja baada ya Pasaka, na mpaka leo nikiandika maneno "mume wangu" kalamu yenyewe inatabasamu. Mke mwenzangu ni Bibi Walburga wa Madaba, mama yake baba mkwe. Unaujua utani wetu: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Siku ya harusi alinishika mkono mbele ya wageni akasema, "Nakuazima tu, usimchakaze." Nilicheka sana. Sikujua kwamba chuo kingekuja kumsaidia kudai.

Naomba sasa nipange malalamiko yangu vizuri.

1. Leonce anasomea uhandisi wa umeme, na nilimpenda hivyo hivyo alivyo. Siku aliyonichumbia aliniambia mimi ndiye mein swichi ya maisha yake. Nilizunguka sokoni nikicheka peke yangu mpaka muuza nyanya akaniuliza kama nimeokota kitu. Mwanaume aliyefikia maneno mazuri kama hayo bila kufundishwa, mnamlazimisha kusoma utamaduni wa nini tena?

2. Somo lenu limempa zoezi la likizo: akae na mzee wa ukoo, akusanye historia yake. Likizo hiyo ndiyo ilikuwa fungate yetu, kwa sababu baada ya harusi alirudi moja kwa moja kwenye mitihani. Nilikuwa nimefua mapazia na kununua vikombe viwili vinavyofanana. Akaenda Madaba, akasema anakwenda na kurudi. Jioni nikapigiwa simu na Bibi mwenyewe: "Mke mdogo, leo usimpikie. Hii ni zamu yangu, chuo kimesema."

3. Aliporudi kubadilisha nguo nilimpikia pilau. Zamani angesema "tamu", akaomba sahani ya pili, na roho yangu ikatulia. Safari hii aliweka kijiko chini akauliza, "Hivi chakula hiki kilianzaje?" Nikamwambia kilianza saa kumi, nikiwa nakusubiri wewe. Akasema hapana, anauliza kihistoria.

4. Nilimwuliza kama bado ananipenda. Akafikiri, halafu akasema swali langu linamwonyesha mtu jibu la kutoa, na mhadhiri wao amewakataza maswali ya namna hiyo. Ndugu Mkuu wa Idara, mimi nimeishia kidato cha nne, lakini najua kwamba swali hilo liliumbwa ili lionyeshe jibu!

5. Tuliangalie na taifa. Nguzo ikianguka hapa Mjimwema, sisi tutakaa gizani na nyama zetu zinaharibika, huku fundi amekaa kwenye kigoda anamhoji mzee wa kwanza kuiona nguzo hiyo ikisimikwa.

6. Hili ni kubwa kuliko yote, na nasema kwa faida yenu wenyewe. Bibi hazaliwi bibi; huanza kwa kuwa bibi harusi. Mkiendelea kuwachukua waume zetu wakati wa fungate, watoto hawatapatikana. Watoto wasipopatikana, wajukuu watatoka wapi? Na pasipo wajukuu hakuna bibi. Miaka hamsini ijayo wanafunzi wenu watamhoji nani?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu somo hili liwe la hiari kwa wote wenye ndoa changa. Yupo Tadei, anayelala chumba kimoja na mume wangu hapo chuoni. Hana mtu anayemsubiri popote. Yeye apewe hata mabibi wawili.

Nisalimie wahadhiri, makarani na walinzi wa getini, pamoja na wake zao, wakubwa kwa wadogo.

Wako katika furaha ya ndoa, ingawa mwenye ndoa hayupo,

Oliva Haule
(jina hili jipya nalipenda mno)

N.B. Nilipanda basi na barua hii hadi Madaba ili nimsomee Bibi kabla ya kuituma, maana si adabu kumshtaki mtu mzima bila yeye kujua. Nikamkuta mume wetu juu ya paa anafunga sola. Nikasema shikamoo. Bibi akasema, "Marahaba, mke mwenzangu. Kaa hapa. Huyo wa juu anauliza miaka tu, kuuliza hajui." Basi nikamwuliza Bibi jinsi marehemu Babu alivyomchumbia. Akaanza. Alipofika pale baba yake alipomfungia Babu mlango na mvua inanyesha, Leonce akashuka akasema basi linaondoka, twende nyumbani mke wangu. Nikamwambia atangulie.

Nimebaki Madaba. Babu bado yuko nje ya mlango, maana Bibi hasimulii kwa haraka, na mimi naandika kila neno. Leonce yuko Mjimwema peke yake, kikombe kimoja hakina mtu, naye ametishia kuwaandikia. Barua yake ikifika, msiijali. Somo lisifutwe, na kama ni lazima mtu alazimishwe, naomba nilazimishwe mimi. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika ofisini kwako wake wote wawili kulizungumza. Mke mkubwa anasema uandae kiti chenye mgongo.