Gamba la Kasa Kwenye Besi ya Kahawia

Jabiri alimwona mama mmoja amesimama mbele ya meza yake ya biashara pale Maili Moja, akishika bamba jeupe, akiliacha, akishika jeusi, akilirudia jeupe, naye akajua kuwa leo riziki imekuja kwa miguu yake yenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya Jabiri. Gitaa la besi huwa na bamba la plastiki kifuani, la kulinda rangi isichunwe na vidole. Jabiri aliyakata mabamba hayo kwenye ndoo na madumu, huko kwao Kisarawe, akawauzia watu wa bendi na kwaya kwa maelezo kwamba bamba lisiloendana na rangi ya gitaa huharibu sauti. Sayansi hiyo aliigundua mwenyewe. Ya kuonyeshea alikuwa na besi moja, kahawia inayofifia kuwa njano katikati, aliyoachiwa na marehemu mjomba wake. Kitanda cha mjomba alikiuza. Redio aliiuza. Mlango aliung'oa akauuza. Besi hakuiuza, kwa sababu aliipenda, basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi naitwa Elinipa, mwenyekiti wa kwaya. Besi yetu ina rangi ya maziwa. Wenzetu wa Mlandizi wana nyekundu yenye bamba jeupe, wanatucheka. Nataka wanyamaze."

"Nyekundu na jeupe!" Jabiri akasikitika kama aliyepewa habari za msiba. "Hayo ni ya wanaoanza, mama. Hebu sikiliza."

Akafunga bamba jeupe kwenye besi yake, akapiga huku kiganja kimebana nyuzi kwa siri. Ikatoka sauti ya mtu anayepiga gunia. Akalitoa, akafunga lingine lenye madoa meusi na ya kahawia, akapiga kwa moyo wote. Hata wauza mitumba wa jirani wakageuka.

"Yesu wangu! Hilo ni nini?"

"Gamba la kasa."

"Kasa wa baharini? Si plastiki?"

"Mama, usinivunjie heshima. Babu yangu kule Kisarawe alimvua kwa mikono yake."

"Kisarawe kuna bahari?"

"Alikuwa Mafia, likizo."

Mwongo wa kawaida angeishia hapo. Jabiri akaongeza kuwa kasa mwenyewe alibebwa na wanaume wanne.

Elinipa akatoa simu mkobani, akaisogeza karibu na mdomo wa Jabiri, kioo akakigeuzia upande wake mwenyewe. "Rudia hayo nirekodi. Wanakwaya wangu wabishi hao, usiombe."

Jabiri akarudia yote, na safari hii wanaume wakawa sita.

"Vizuri," akasema Elinipa. "Sasa mwanangu, kasa analindwa na serikali. Mdogo wangu Atupele yuko idara ya uvuvi, atafurahi sana kukusikia."

Jabiri akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Mama, nilikuwa nakutania tu. Ni dumu la mafuta ya kula. Madoa nimepaka rangi ya viatu." Akalikwangua, ukucha ukatoka mweusi.

"Aa, kumbe! Sema tena, nirekodi na hiyo."

Akasema tena. Mtu akishikwa na hofu hutii haraka mno.

"Basi ninazo mbili. Ya kasa ni ya uvuvi, ya dumu ni ya polisi. Nipeleke ipi?"

Jabiri akampa mabamba yote bure. Elinipa akayasukuma pembeni.

"Madumu niyafanyie nini? Nipe besi, nizifute zote mbili."

"Chukua chochote mama, hii hapana. Hii ndiyo niliyobaki nayo ya mjomba."

"Haya, ngoja nimpigie Atupele."

Jabiri aliikumbatia ile besi mbele ya watu, bila aibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake haukuwa ukiuza kitu. Kisha akamkabidhi. Roho ilimuuma hasa.

Elinipa akabonyeza simu mara mbili. "Nimefuta."

"Asante mama," akasema Jabiri, na alimaanisha.

Bajaji ikamchukua mama na besi mapajani. Ilipokuwa inaingia barabarani, Jabiri akamsikia akimuuliza dereva, "Baba, huna chaja humo? Simu yangu imezima tangu nikiwa Mlandizi asubuhi."