Ila Simu Usimpe

Jumatatu, 8 Septemba

Balaa! Maktaba yetu ya jumuiya, hapa katikati ya jiji, imeletewa mashine ya kupiga picha vitabu. Zainab, mkutubi mpya, amefurahi kama bibi harusi. Eti miswada yote ya kale itaingia mtandaoni, mtu asome akiwa kitandani. Nikamuuliza: na mimi? Ufunguo wa kabati la miswada ninao mimi. Mtafiti akitaka kusoma, sharti apande ngazi, anisalimu, aketi, anisikilize. Zainab akasema sasa Maalim Abdulrauf atapumzika. Nipumzike! Nimechoka lini?

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata hila. Nimejitolea kufungua kurasa chini ya mashine. Zainab kanishukuru mpaka nikaona haya, kidogo. Tulipofika kwenye utenzi wa wasia, ule anaoujia mtafiti Daktari Gurleen kutoka mtaa wa Lavington, nikaweka dole gumba juu ya mstari mmoja. Ubeti wenyewe huu:

Mgeni ajapo kwako
mpe kiti cha babako
umpe na maji yako
ila siri usimpe.

Anayetaka mstari wa mwisho atanifuata. Akili hizo!

Jumatano, 10 Septemba

Fadhaa. Dole langu ni dogo kuliko nilivyodhani. Limeficha nusu ya neno moja tu, "si" imebaki nje. Halafu Zainab ananieleza kuwa kompyuta husoma maandishi yenyewe, na penye pengo hukisia. Hukisia! Kwa idhini ya nani? Imesoma chuo gani? Nikatazama kioo chake. Imeandika: ila simu usimpe.

Nimecheka peke yangu hadi alasiri. Daktari atauona upuuzi huu, atakuja mbio.

Alhamisi, 11 Septemba

Hakuja. Alinipigia, sauti imejaa furaha.

"Maalim, hiyo neno imenimaliza! Simu! Kumbe huu utenzi si ya zamani vile tulidhani. Iliandikwa simu za waya zikiwa zimefika pwani. Jumamosi natoa mhadhara Loresho. Lazima ukuje!"

Nikasema hongera. Kwa nini nilisema hongera? Mtunzi ni babu wa babu yangu, mtu ambaye hata saa ya ukutani hakuwahi kuiona. Nikisema kweli, dole langu litajulikana. Nikinyamaza, mzee wa watu anageuka mpiga simu.

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbi ulijaa. Gurleen akaeleza kuwa mtunzi alikuwa mtu wa kisasa, mwenye wivu na simu yake. Watu wakaandika. Nikavumilia. Bwana mmoja akauliza huyo mgeni alitaka kumpigia nani. Hapo nikashindwa. Nikajikuta nimesimama.

"Siri!" nikapaza sauti. "Ila siri usimpe!"

Gurleen akauliza, kwa upole, nimejuaje. Nikasema utenzi wote ninao moyoni tangu utotoni. Akauliza mbona ukurasani neno halionekani. Zainab, sijui nani alimtuma, akaikuza picha ukutani. Dole gumba, kubwa kama mlango, na kucha yake! Nikasema labda ni la mashine. Hakuna aliyecheka. Ndipo nikajua hali ni mbaya.

Gurleen akakusanya karatasi zake polepole.

"Maalim, si ungeniambia tu juzi?"

Chai ilikuwa na sambusa. Sikugusa hata moja.

Jumatatu, 15 Septemba

Zainab kaupiga picha ukurasa upya. Kaniamuru nisimame mbali, mikono nyuma, kama mtoto wa madrasa. Nimetii.

Adhuhuri, nani huyo anahema mlangoni? Gurleen! Kapanda ngazi zote. Nilidhani amekuja kunigombeza. Kumbe usiku kucha aliwaza kuwa utenzi hausomwi tu, huimbwa, na mahadhi yake ninayajua mimi. Anataka nirekodiwe, ubeti kwa ubeti. Dunia nzima itanisikia, akasema. Zainab naye akasema sauti yangu inafaa sana. Nikajikuta nimekubali, na machozi yakinilengalenga.

Lakini nimerudi nyumbani, nimefikiri vizuri. Dunia nzima ikinisikia ikiwa kitandani, nani atapanda ngazi tena? Hapana. Utenzi una ubeti mmoja mtamu kuliko yote. Nikifika kwenye neno lake la mwisho, nitakohoa.

Kikohozi si dole gumba: hakionekani kwenye picha.