Fundo Langu na Bega la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Bahati imebisha hodi! Kuna wapasuaji wanaoshona kano la bega kwa uzi unaopitishwa kwenye matundu ya mfupa. Wengine hulibana kwa skrubu ndogo, tunaziita nanga. Ipi imara zaidi? Profesa anataka tupime kwa mabega ya kondoo, kwenye mashine inayovuta mpaka kitu kiachie. Uzi nimepewa mimi. Nanga kapewa daktari mwenzangu, Polepole. Tulimpachika jina hilo kwa sababu hufunga hata kamba za viatu kama anahudumia mgonjwa mahututi.

Matokeo ndiyo yatakayoamua njia ya kumtibu mama mkwe wangu. Kano la bega lilimkatika akitundika mapazia. Sasa yuko kwetu, mkono kifuani, anasubiri upasuaji. Nimemweleza nimebuni fundo litakaloitwa kwa jina langu. Akasema, "Mwanangu, jina begani silitaki. Nataka kuchana nywele zangu mwenyewe."

Hajui utukufu.

Jumanne, 4 Machi
Nimewahi buchani kabla muuzaji hajanoa kisu. Nikachagua mabega ya kondoo vijana, yamejaa kama mito. Ya vikongwe nikamwachia Polepole. Mjanja ni mjanja!

Kufika maabara, Profesa kayachanganya yote, akatupigisha kura. Eti bila hivyo utafiti ni ramli. Vikongwe karibu wote wameniangukia! Polepole kanishukuru kwa jicho langu zuri la kuchagua nyama. Sijui kama ni kejeli. Uso wake hausomeki.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya fundo. Nimechukua uzi mnene kuliko wote kabatini, nikaupitisha mahali pamoja, nikapiga fundo juu ya fundo. Profesa akauliza kama nashona kano au nafunga ng'ombe. Nikacheka kwa adabu.

Mashine ikavuta. Paa! Nikaruka kwa furaha. Fundo halijafunguka! Uzi haujakatika! Polepole akaniomba, kwa upole wake ule unaoudhi, niangalie na kano. Lilikuwa limechanika, limebaki upande wa pili wa mashine. Fundo langu zima kabisa, halijashika kitu.

Nanga zake, zilizopangwa safu mbili, zimebeba mzigo maradufu. Moja tu iling'oka, kwenye mfupa wa kikongwe, kama msumari kwenye ukuta uliolowa.

Aibu tupu. Lakini mbona kano limechanika pale pale ulipopita uzi? Hilo linaniwasha kuliko aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Mapumziko. Nimejificha bafuni na mche wa sabuni. Nikauzungushia uzi mmoja, nikaning'iniza ndoo ya maji. Uzi ukazama kwenye sabuni kama kisu, ndoo ikaanguka kwa kishindo. Mama mkwe akaingia bila hodi. Nilidhani atanicheka. Akaketi kwenye kigoda, akaniuliza ingekuwaje zikiwa nyuzi nyingi, kila mmoja mahali pake.

Tukajaribu. Alinishikia ncha kwa mkono wake mzima, akiniamrisha sogeza huu, legeza ule. Ndoo ile ile. Sabuni ikashika! Tukaongeza maji. Ikashika! Kumbe siri si ukubwa wa fundo: nyuzi zikitawanyika zinagawana mzigo. Tulisahau hata chai. Sijafurahi hivi tangu nioe.

Mke wangu karudi, kakuta sabuni yote makombo. Kauliza kama na yeye aoge kwa utafiti.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa kakubali nirudie, kwa mabega mapya. Nyuzi nyembamba, upana mzima wa kano. Zikanisokota vidole. Polepole akaja bila kuitwa, akazishika moja moja mpaka nikamaliza.

Mashine ikavuta, ikavuta. Tumezikaribia nanga. Na kwenye mifupa ya vikongwe tumezipita! Wa kwanza kupiga makofi ni Polepole.

Profesa kasema picha zinaonyesha mfupa wa mama mkwe ni mwepesi, skrubu zinaweza kung'oka. Atashonwa kwa uzi. Njia yangu! Ila mshonaji atakuwa Polepole. Mama mkwe mwenyewe kamwomba. Kasema mimi nibaki na sabuni.

Ijumaa, 14 Machi
Jana kapasuliwa. Mimi nilikuwa nje, nimeegemea ukuta kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Polepole alipotoka alinishika bega. Kano limeshonwa, vidole vya mama vinacheza. Nililia. Nilisema ni vumbi.

Leo kikaoni Profesa kaniomba nieleze tulichojifunza. Nimeeleza vizuri sana: uzi mmoja ukibeba mzigo wote, utachana kano; nyuzi nyingi zikigawana, zinashika. Wamepiga makofi. Wengine waliandika!

Kisha akatangaza utafiti mpya, wa goti, akauliza nani afanye kazi pamoja nami. Polepole akanyoosha mkono. Nikamshukuru, nikamwambia hakuna haja. Goti nitalimudu peke yangu.

Nimeshaliwazia. Uzi mmoja tu. Lakini mnene!