Bega la Wifi na Mguu Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Kocha ametangaza pambano. Jumamosi ya wiki ijayo klabu yetu ya ndondi inakutana na klabu ya ng'ambo ya reli, na safari hii wanawake nao watapanda ulingoni. Wanawake wenyewe ni mmoja kutoka kila upande. Wao wanamleta mwalimu wa chekechea. Kwetu ni mimi au wifi, mke wa kaka yangu.

Ni miezi mitatu tangu tuhamie klabu hii. Kabla ya hapo tulikuwa darasa la ngumi na mateke, miaka miwili mizima, tukipiga hewa mbele ya vioo, muziki juu, mwalimu akituhimiza tutabasamu. Hewa haikulalamika hata siku moja. Wifi ndiye aliyechoka kwanza, akasema anataka kupiga kitu kinachoweza kumrudishia. Mimi nilimfuata ili asije akawa hodari peke yake.

Klabu iko nyuma ya gereji. Haina kioo hata kimoja. Siku ya kwanza kocha, mwenye pua iliyokwenda upande, alituuliza kama tunajua kwamba hapa miguu ni ya kutembelea tu. Tukaitikia kwa heshima zote. Kabla jasho halijatoka nikampiga teke la ubavu. Si makusudi! Mguu ulijinyanyukia wenyewe. Tangu siku ile naitwa Mama Teke.

Dawa yangu ni wifi. Nikiwa ulingoni yeye husimama kwenye kona na kupaza sauti: "Miguu chini!" Basi miguu inatii. Kaka yangu anasema hata yeye nyumbani hutii hivyo hivyo.

Lakini pambano nalitaka mimi. Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kushangiliwa. Hata harusini kwangu watu walishangilia keki, na ukitazama ndoa ilivyokwenda, hawakukosea.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali! Kocha amesema anayepigana lazima awe kilo sitini au chini yake, na tutapimwa Jumapili. Wifi anacheza hapo hapo kwenye sitini. Basi nimeamua kumlisha.

Kibanda changu cha kushonea na saluni yake vimetenganishwa na ubao mmoja. Chai ikiwa tayari, yeye hugonga ubao mara mbili. Leo nimekwenda na mikate, siagi, karanga za sukari na keki ya nazi. Nimemwambia amekonda, kaka atasemwa na watu. Ameshukuru, akala vyote, akalamba na kidole. Kisha akasema mtu hali peke yake, nami nile. Nikikataa atashuku. Nimekula.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepanda mizani ya duka la dawa. Wifi hajaongezeka hata chembe. Anasimama kutwa akisuka, chakula kinaishia vidoleni. Mimi ninayekaa kwenye cherehani nimefika sitini na mbili na nusu. Nimemchimbia kisima mwenzangu, nimetumbukia mwenyewe na keki mkononi.

Mpango wa pili: jasho. Nimevaa koti zito la mteja aliyelileta libadilishwe bitana, nikajifungia kibandani na pasi ya mkaa. Mambo yalikuwa mazuri mpaka mwenye koti alipofika mapema. Amelikuta limelowa, na ndani yake kuna fundi. Nimemweleza kwamba koti zuri hujaribiwa kwanza kama linahimili joto. Amelichukua kwa ncha za vidole. Sidhani kama atarudi.

Jumapili, 9 Machi

Nimepimwa. Sitini kamili! Sijala tangu jana asubuhi na naona nyota mchana. Wifi: hamsini na tisa. Kocha amekuna pua yake, akasema sote tunafaa kwa uzito, lakini atakayepigana ni wifi, kwa sababu ana mkono wa kushoto mzuri na anajua miguu ni ya nini.

Watu wote wamecheka. Mimi nami nimecheka. Wifi amenikumbatia, akasema ushindi ukija ni wetu sote, na kwamba bila mimi kwenye kona yake hapandi. Nimemwambia hongera wifi yangu. Moyoni nilikuwa nimenuna hadi kooni.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika haya ili ijulikane kwamba nilifanya kwa nia njema.

Wifi ana bega. Yaani kila mtu ana bega, lakini la kwake la kulia hutoka na kurudi, kwa sababu ya kuinua mikono kutwa juu ya vichwa vya watu. Ni mimi ninayemkanda jioni kwa mafuta ya moto, mlango umefungwa. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata kaka, maana kaka angemkataza ngumi siku hiyo hiyo.

Leo nimepita klabuni mapema. Nimemkuta kocha akishona kamba ya ulingo kwa sindano isiyofaa. Nimemsaidia. Katika mazungumzo ya kawaida tu ya watu wawili wanaoshona, bega likatajwa. Kocha ameacha sindano. Ameniuliza kama nina hakika. Nikasema nasema kwa usalama wake tu.

Jumatano, 12 Machi

Kocha amemwondoa wifi. Amemwambia mbele yetu sote aende kwanza kwa daktari, bega si kitu cha kuchezea. Pambano ni langu!

Nilikuwa nimejiandaa kushangaa. Nimeshangaa vizuri sana, mkono kifuani. Nikasema watu wana midomo jamani, nani huyo aliyesema? Wifi amenitazama tu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo dogo nililolisahau: siri ya watu wawili, mmoja akiitoa, mwingine hahitaji mpelelezi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amekunja vitambaa vyake vya kufungia mikono taratibu, akaniambia nishinde salama, akaondoka. Kaka naye amekuja jioni, mkali, akauliza kwa nini habari za bega la mke wake amezipata kwa fundi wa gereji.

Leo ubao haukugongwa. Nimeweka sikio, nikasikia vijiko. Wamekunywa chai yeye na wateja.

Ijumaa, 14 Machi

Ubao kimya, siku ya tatu sasa. Nimegonga mimi, mara mbili, kama yeye. Nikasikia akimwambia mteja kwamba hapa kuna panya.

Nilipoachika, ni huyu huyu aliyekuja na toroli akanihamishia cherehani, akaisukuma mwenyewe njia nzima, akinitania kwamba mume niliyeachana naye alikuwa mzito kuliko hiki chuma. Alinicheka mpaka nikacheka. Bega lenyewe sijui kama halikuanzia hapo. Naona haya. Ningeweza kwenda kwa kocha leo nikasema nilikosea. Lakini kaptura nimekwisha jishonea, na mgongoni nimetarizi jina langu.

Jumamosi, 15 Machi

Yamekwisha.

Mwalimu wa chekechea ni mdogo wa umbo, ana sauti ya kubembelezea watoto. Kabla ya kengele amenipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikaona uzee wangu wote umetangazwa ukumbini. Kengele ikalia, na yule mwenye adabu akanipiga pua mara tatu kabla sijamaliza kuwaza.

Raundi ya pili nimeamka. Nimempiga wa kushoto, wa kulia, akarudi nyuma mpaka kwenye kamba. Ukumbi ukalipuka! Mama Teke! Mama Teke! Watu wazima, wamesimama, wananishangilia mimi. Nasema kweli, kwa kitambo kile sikujutia kitu.

Kisha mwalimu akanijia tena. Nilihisi mguu wa kulia unaanza kujikusanya. Nikasubiri ile sauti. Kwenye kona yupo kocha, ana ndoo na taulo, anapiga kelele mikono juu, mikono juu. Mikono ilikuwa juu tayari. Hakuna aliyesema neno kuhusu miguu.

Lilikuwa teke safi. Kule darasani ningetolewa mfano mbele ya wote. Mwalimu aliinama kwa wepesi wake, likampata refa.

Nimeondolewa. Refa alitangaza akiwa ameshika kiuno. Ukumbi ule ule ulioniita kwa jina sasa unacheka kwa jina lile lile. Niliposhuka nikamwona wifi. Alikuwa amekuja! Alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, kiganja mdomoni. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu, 17 Machi

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezaliwa kabla ya siku zake na hapati usingizi.

Sijafungua kibanda. Nimekaa ndani nikafumua jina langu kwenye kaptura, uzi mmoja mmoja. Pua imevimba. Lakini pua si kitu. Nilikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua mguu wangu unainuka lini, nikamuuza kwa raundi moja na nusu. Naapa, mimi na hila basi. Iandikwe: basi!

Alhamisi, 20 Machi

Ubao umegongwa! Mara mbili!

Nimekimbia na sindano ingali mdomoni. Wifi alikuwa amemaliza mteja wake wa mwisho, vikombe viwili mezani. Sikungoja chai. Nimepiga magoti nikamwambia yote, mikate, koti, kocha, kila kitu, nikalia mpaka kamasi. Alicheka kwenye mikate. Kwenye kocha hakucheka. Aliniambia niinuke, nachafua sakafu.

Akasema Jumamosi ile alipoona kiuno changu kinageuka alijua teke linakuja. Alifungua mdomo aniambie miguu chini. Kisha akakumbuka, akaufunga. Anasema tangu siku ile haoni raha, kana kwamba ni yeye aliyempiga refa. Basi tulilia sote, chai ikapoa, akaipasha upya.

Daktari amesema bega lipumzike wiki chache, litakaa sawa. Klabu ya ng'ambo ya reli inataka marudiano mwezi ujao, na kocha ameshamwambia nafasi ni yake. Mimi nimefungiwa mapambano mawili, lakini kocha yuko tayari kuomba nipunguziwe iwapo atakosekana mtu mwingine. Wifi amesema hamtaki mtu mwingine kwenye kona yake ila mimi. Nimeapa kwa jina la marehemu mama kwamba nitakuwa kona yake mpaka nife.

Alipoinuka kuchukua sukari, goti lake la kushoto limelia. Ko! Kama kibiriti kikivunjwa. Akashika ukuta, akacheka, akasema hilo nalo ni la kusimama kutwa, na akaniomba yaishie humu humu. Nimemwambia wifi yangu, mimi tena? Kaburi!

Nimerudi kibandani nimefurahi sana. Nimeitafuta kaptura, nikaanza kutarizi upya. Lakini goti! Goti si mchezo, hasa kwa mtu unayempenda. Na kocha ni mtu mzima mwenye dhamana, ana haki ya kujua. Kesho nitapita klabuni mapema, maana ile kamba ya ulingo sikuimaliza vizuri. Sisemi kwamba goti litatajwa. Likitajwa, ni kwa usalama wake tu.