Mimi Ndiye Mume na Mke wa Katoni Namba Kumi na Saba

Uvira, mtaa wa Kimanga, tarehe 12 Novemba 1969

Kwa Bwana Mlinzi wa Makaratasi ya Zamani,
Maktaba ya Chuo Kikuu.

Bwana Mlinzi,

Salamu nyingi, tena salamu zilizochoka, maana zinakuja kwako kwa lori, kwa mashua na kwa treni.

Mimi ni Sévère Ndikumana, mwandishi wa barua za watu, mwenye meza kwenye baraza ya duka la chumvi hapa Kimanga. Huenda jina langu limekwisha kukufikia. Nimefika Kigoma. Nimefika Bujumbura mara tisa. Nimelala Kalemie ilipokuwa bado inaitwa Albertville, na nimekula jibini ya Wazungu bila kuitema. Kuhusu shule, darasa la nne nimelimaliza mara mbili, wakati wenzangu wamelimaliza mara moja tu.

Wiki iliyopita Mwalimu Ezechiel Ndagijimana, mtu wa milima ya juu, Mprotestanti asiyeonja hata kasiksi, pombe yetu ya ndizi, amerudi kutoka masomo ya likizo huko kwenu. Ameleta orodha ya makaratasi mnayoyahifadhi, akanisomea: "Katoni namba 17. Makaratasi ya Bwana Cyprien Hagenimana na mke wake Bernardine. Barua thelathini na moja za mapenzi, wakati wa uasi."

Nikamwambia, "Mwalimu, soma tena." Akasoma tena. Nikamwuliza, "Jina langu liko wapi?" Akageuza karatasi, akatazama hata mgongoni mwake. "Halipo, kaka Sévère. Hata kwa chini."

Bwana Mlinzi, barua hizo zote thelathini na moja niliziandika minye. Za mume na za mke.

Nakueleza polepole. Mwaka 1964, mwezi wa tano, waasi walipoingia Uvira, kila mwenye kalamu mfukoni alikuwa muntu wa hatari. Cyprien alikuwa karani wa mizani ya pamba, na amevaa tai. Alikimbilia ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, lakini kwanza alipita kwenye meza yangu akiivua tai. "Sévère, weye uko na maneno. Minye najua kuandika kilo tu. Muandikie Bernardine, asiolewe." Akaenda. Tai ilibaki kwangu.

Posta ikafa. Hakuna barua iliyovuka. Basi asubuhi naandika barua ya Cyprien, mchana Bernardine anakuja kutoka mtaa wa Mulongwe, namwambia imeletwa na mvuvi, namsomea kwa sauti, maana yeye hakusoma. Analia, anacheka, kisha ananitamkia majibu. Naandika majibu, naahidi kuyapeleka kwa mvuvi yule yule, nayatia katika kopo la maziwa. Miezi kumi na moja! Cyprien aliporudi nilimpa kopo lake, nikamwambia, "Soma, ujue umejibiwa nini." Wakaoana. Baadaye profesa wenu alipopita akitafuta makaratasi ya watu, wakampa yote kwa fahari, ya mume na ya mke. Mimi nilikuwa Kigoma siku hiyo.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Jina langu liandikwe juu ya katoni. Kubwa. La Cyprien liwekwe chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

2. Orodha yenu inasema: "Mwandiko wa wapenzi hawa umefanana kabisa, ishara ya mioyo iliyoungana." Bwana Mlinzi, ni ishara ya mkono mmoja. Na mkono wenyewe uliteseka. Katika barua ya kumi na nne Bernardine alinitukana, yaani alimtukana Cyprien, matusi yenye mizizi, na mimi niliyaandika yote bila kupunguza. Kesho yake nikakaa chini, nikaomba msamaha kurasa nne. Nilikuwa sijafanya kosa lolote. Niliomba kwa moyo wote.

3. Mmeandika kwamba maneno kuhusu mbuzi "huenda ni habari za siri za vita." Eti "mbuzi wa shangazi amezaa mapacha" maana yake askari wameongezeka! Mbuzi wa shangazi alizaa mapacha. Nimewaona. Mmoja alikula ukurasa wa pili wa barua ya tisa, ndiyo sababu mnauona haupo, na mmeandika hapo kwamba "umeondolewa na wakaguzi wa waasi." Naomba mbuzi huyo asafishiwe jina. Alikuwa bado mdogo.

4. Madoa. Mnasema ni machozi. Bernardine alinilipa kwa samaki, ndagala za kukaanga, nami naandika huku nakula. Ni mafuta.

5. Hili linaniuma kupita yote. Tangu makaratasi yaende kwenu, Cyprien anatembea Mulongwe kama askofu. Watu wanasimama: "Bwana Barua, jambo!" Na yeye anaitikia! Neno "wewe ni mvua yangu ya kwanza ya mwezi wa tisa" nililitafuta siku tatu, nikakosa hamu ya chakula, na mke wangu Apolline akanipeleka kwa muuguzi. Leo Cyprien analitumia bure. Mwenzangu mmoja ananiuliza, je, Bernardine akijua ukweli, ndoa itapona? Mimi najibu, na ajue! Alingoja miezi kumi na moja, akamkataa Nyandwi mwenye mitumbwi mitatu, kwa maneno yangu. Historia haiangalii ndoa ya muntu.

6. Mwalimu Ezechiel anasema chumba chenu ni kikavu, hakina mchwa, na haruhusiwi kuingia mwenye mikono michafu, wala mwenye kelele. Nyumba yangu, mvua zilizopita, mto Mulongwe uliingia kwa mlango wa mbele bila hodi ukatoka na godoro. Kama maneno yangu yanastahili chumba hicho, kinywa kilichoyatoa kinastahili zaidi. Naomba basi mnihifadhi mimi mwenyewe pia, karibu na katoni. Sihitaji nafasi kubwa. Mnipe namba, mnipanguse vumbi Jumamosi, na msomi akikosa kuelewa mstari asiandike mambo ya vita: anigongee tu, nitamweleza. Apolline amekubali. Amekubali upesi kuliko nilivyotazamia.

Usipotimiza haya, nitaandika barua nyingine thelathini na moja, kila moja ya malalamiko, na kwa sheria yenu wenyewe mtalazimika kuzihifadhi.

Nawasalimu wote wa hapo: makarani, mfagiaji, profesa aliyepita nikiwa Kigoma, na hata panya kama Mungu amemjalia kuingia. Watu wa Uvira ni wazima, ziwa liko pahali pake.

Mimi niliyeandika kwa mkono wangu, ule ule,

Sévère Ndikumana

N.B. Bwana Mlinzi, usifungue katoni kwanza.

Desturi ya meza yangu ni kwamba barua haifungwi mpaka isomwe kwa sauti. Nimeisoma hii, kwa sauti nzuri, na nilipoinua kichwa nikamwona Bernardine amesimama nyuma ya magunia ya chumvi na kapu lake. Amesikia yote tangu jibini.

Nikaikalia barua. Yeye akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Shemeji, minye nilijua tangu barua ya tatu. Cyprien hawezi kusema maneno manne bila kupumzika. Lakini mwaka ule, kila mahali watu walikuwa nalia. Kwa meza yako tu ndiyo nilikuwa nacheka."

Kisha akashika mkono wangu wa kuandika. "Usimutoe jina. Sasa yeye mwenyewe iko nasadiki ni yeye aliandika. Mwalimu alimusomea mu orodha habari ya barua ya tano, kwenye aliahidi kunijengea jiko la mabati. Juma hili amejenga. Nikamuuliza, ni nini imekuingia? Akasema, iko mu chuo kikuu, haiwezi kuwa uongo."

Kwa hiyo, Bwana Mlinzi, yote niliyoandika hapo juu yafute, isipokuwa habari ya mbuzi. Cyprien aliandika zote. Mioyo imeungana. Madoa ni machozi.

Tena, ndani ya bahasha hii utakuta barua ya thelathini na mbili, ya tarehe 4 Machi 1965, ambayo Cyprien aliisahau. Humo anaahidi mashini ya kushona, na kwamba akishaoa hatamkemea mama mkwe wake. Iweke pamoja na nyingine, uiongeze kwenye orodha, na orodha mpya umpe Mwalimu Ezechiel kabla ya Noeli.

Wino bado ni mbichi. Tafadhali uianike kidogo kabla ya kufunga katoni.